Mama mdogo aliponiuliza: meli au kambi ya kushona?

Jumapili moja mwezi wa tano, mama mdogo alinipigia simu kutoka Houston, Marekani. Huku Dar es Salaam ilikuwa saa tatu usiku, kwake mchana. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani akasema, “Mwanangu, nataka kwenda likizo. Sijui niende melini au niende kambini. Wewe ndiye unayeandika habari za afya, nisaidie kuchagua.”

Nilidhani sijasikia vizuri. Katika miaka 14 aliyokaa huko, neno likizo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Anafanya kazi ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Anawageuza, anawaosha, anawabadilishia mashuka. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye mikono hiyo, na ya chuo kikuu pia. Bibi alipofariki mwaka 2019 hakuweza kuja kumzika mama yake, kwa sababu karatasi zake zilikuwa hazijakamilika, angetoka, asingerudi. Tulimwonyesha mazishi kwa simu, mtandao wa Muheza ukikatika kila baada ya dakika mbili.

Kushona alianza mwaka huohuo. Mwenzake wa kazini alimpeleka kwenye kikundi cha wanawake wanaoshona kwilti. Kama hujawahi kuiona, ni blanketi la tabaka tatu: juu ni vipande vya vitambaa vilivyokatwa na kuunganishwa kwa mpangilio, katikati pamba, chini kitambaa kizima, halafu zote zinashonwa pamoja zisihame. Bibi angeiita mfarishi, basi. Ila angeshangaa mtu kununua kitambaa kizuri dukani, akakikata vipande vipande, kisha akaanza kuviunganisha upya. Hata mimi nashangaa. Lakini wenzetu wamelifanya jambo kubwa. Houston kwenyewe hufanyika tamasha la kwilti kila mwaka, na mji wa Paducah, Kentucky, una jumba la makumbusho la kwilti tangu 1991. Wana mpaka likizo zao za kushona, na ndizo mama mdogo alizokuwa akizizungumzia.

Ya kwanza ni ya meli. Inaondoka bandari ya Galveston, si mbali na Houston, inakwenda kisiwa cha Cozumel, Mexico, na kurudi. Siku za baharini washonaji wanakaa ukumbini na mwalimu wao, vyerehani vimeshawekwa. Meli ikifika bandarini wanashuka kutembea. Pasi yako huruhusiwi kuingia nayo chumbani, wanaogopa moto. Unapiga pasi darasani tu. Ya pili ni kambi, nyumba ya mashambani mwendo wa saa mbili kwa gari. Wanawake kumi na kitu, kila mmoja anakuja na cherehani chake, wanashona mpaka usiku wa manane na magauni yao ya kulalia, chakula wanapikiwa. Meli pamoja na ada ya darasa ilikaribia dola 1,500. Kambi haikufika 500.

Nilimwandikia majibu kama ninavyoandika gazetini. Nikaanza na norovirusi, kile kirusi cha kutapika na kuharisha ambacho husambaa haraka watu wakibanana, na kwamba mamlaka za afya za Marekani hutoa taarifa za meli zilizokumbwa nacho. Nikaeleza kwamba dawa ya kupaka mikononi haikiui vizuri, ni sabuni na maji. Nikaongeza kichefuchefu cha baharini, daktari wa meli anayetoza pesa ambazo bima nyingine hazirudishi, na presha yake kwenye vyakula vya chumvi. Kuhusu kambi niliandika mistari mitatu, yote mizuri.

Kila nilichoandika kilikuwa kweli. Nilichoacha ni kwamba mdogo wangu alikuwa anaingia mwaka wa pili wa chuo mwezi wa kumi, na nilipotoa 500 kwenye 1,500, jibu nililiona kwa umbo la ada yake.

Wakati huo kundi la familia la WhatsApp lilikuwa limeshapata habari. Mjomba aliandika, “Hela ya kwenda kushonea melini, si angepanda ndege aje aone kaburi la mama yake?” Watu wakaweka vicheko. Sikuandika kitu, ingawa mjomba anajua kwamba alikuja. Alikuja mwaka 2022, karatasi zilipokamilika, akakaa wiki tatu, na sikumwona amepumzika hata siku moja. Wageni asubuhi, wageni jioni, kila mmoja na shida yake, na wengine niliwakaribisha mimi. Siku ya kuondoka nilimlipia teksi ya uwanja wa ndege kwa sababu hakuwa na shilingi. Alichobeba kurudi nacho ni doti mbili za kanga za bibi.

Siku mbili baadaye akanipigia. Alikuwa anacheka.

“Hicho kirusi chako nakijua kuliko wewe. Mashuka yake nayabadilisha mimi.”

Nilikwenda kusoma tena, nikaona aibu. Taarifa zilezile nilizozitegemea zinasema milipuko mingi ya norovirusi inayoripotiwa Marekani hutokea kwenye vituo vya afya na nyumba za wazee. Meli ni sehemu ndogo sana. Yaani nilikuwa namwogopesha mtu na ugonjwa wa likizoni, wakati ugonjwa huo uko kazini kwake, kwenye mshahara niliousomea.

Kisha akaacha kucheka. “Sasa niambie ukweli, mama. Umepiga hesabu ya ada ya mdogo wako?”

Nilikaa kimya mpaka nikaogopa atadhani simu imekatika. “Nimepiga, mama mdogo.”

“Nilijua.” Hakukasirika. Ningependa angekasirika.

Usiku ule nilimwandikia upya, safari hii yakiwemo mazuri ya meli: hakuna kuendesha gari, hakuna kupika, hakuna kutandika, bahari iko dirishani, na mtu anayetumia dawa zake za presha vizuri anaweza kusafiri daktari wake akiridhia. Ya kambi nikayapunguza sukari. Kulala chumba kimoja na watu wanaokoroma, kuinama saa nyingi kwenye cherehani huku miguu inavimba, lazima uamke utembee.

Alichagua kambi. Sababu yake haikuwa hata moja kati ya zangu. Melini mwalimu anakuja na vifurushi vilivyokwishakatwa, wote mnashona mtindo mmoja ili umalizike kabla ya kushuka. Kambini kila mtu anapeleka kazi yake iliyomshinda nyumbani. Yeye alikuwa na kanga za bibi, tangu 2022 ziko kabatini, kila akishika mkasi anarudisha. “Nikizikata peke yangu hapa chumbani sitaweza,” alisema. “Kule kuna watu. Na hakuna atakayeniomba kitu.”

Halafu akaongeza: “Na hiyo inayobaki usiipigie hesabu. Ni ya meli, mwakani.”

Mwezi wa nane alituma picha. Kanga zilikuwa zimelika kwa kufuliwa, ikabidi azigandishie kitambaa chepesi kwa nyuma ndipo zishike sindano. Kwenye pembe moja ya kwilti kuna kitobo kidogo chenye ukingo mweusi. Nakikumbuka. Ni cheche ya mkaa, bibi alikuwa anatupikia chapati. Angeweza kukiruka wakati wa kukata, hakukiruka. Amekizungushia uzi mwekundu.

Ada ya mdogo wangu tunailipa mimi na kaka, kwa awamu. Mjomba aliahidi kuchangia, bado tunamsubiri.

Wiki iliyopita mama mdogo aliniuliza kuhusu dawa ya kichefuchefu cha baharini. Nilimwambia aanze kwa daktari wake, kwa sababu ya zile za presha, na akikata tiketi aombe chumba cha katikati ya meli, ghorofa za chini, ambako haiyumbi sana.