Chakula cha Maskini, Karamu ya Wageni

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo walivyonena wahenga. Katika nchi ya Kroatia, iliyo kando ya bahari ya Adriatiki huko Ulaya, maneno hayo yamethibitika kwa namna ya pekee. Vingi kati ya vyakula ambavyo wageni huvifuata huko na kuvilipia fedha nyingi ni vile vilivyoliwa zamani na wakulima na wachungaji wa nchi ya mawe, kwa sababu hawakuwa na kingine.

Mfano ulio bora ni soparnik, chakula cha vijiji vya Poljica, karibu na mji wa Split. Ndani yake hamna nyama, bali mboga iitwayo blitva, ile ile ambayo sokoni Nairobi huitwa spinachi. Mpishi huukanda unga wa ngano kwa maji, chumvi na mafuta kidogo, bila hamira, kisha huusukuma mpaka apate chapati mbili nyembamba, pana kiasi cha mita moja. Mboga iliyokatwakatwa na kukaushwa maji huchanganywa na vitunguu na chumvi, ikatandazwa juu ya chapati ya kwanza. Ya pili hufunika, na kingo hukunjwa pamoja. Meko ya mawe yaliyokwisha kupata moto hufagiliwa, chapati ikalazwa hapo na kufunikwa kwa majivu ya moto na makaa. Baada ya dakika kama 20 majivu hupanguswa, chapati hupakwa mafuta ya zeituni na vitunguu saumu vilivyopondwa, kisha hukatwa vipande. Hicho kilikuwa chakula cha siku za kufunga na cha siku za uhaba. Mwaka 2016 Umoja wa Ulaya uliliandikisha jina lake, ili asiyefuata desturi ya Poljica asipate kulitumia kwa biashara.

Mgeni mwenye haraka hatafaidi peka. Nyama ya mwanakondoo au pweza hupangwa pamoja na viazi katika sinia, hufunikwa kwa mfuniko wa chuma wenye umbo la kengele, kisha makaa hupaliwa juu yake, jambo ambalo wapishi wa pwani ya Afrika Mashariki hawahitaji kufundishwa. Kwa kuwa mapishi hayo huchukua saa kadhaa, aghalabu hapana budi kukiagiza chakula mapema. Anayekaa na kungoja huonja nyama iliyoiva kwa mvuke wake yenyewe.

Hata upepo una kazi jikoni. Upepo mkali na baridi uitwao bura huteremka kutoka milimani na kuikausha pršut, yaani paja la nguruwe lililotiwa chumvi. Msomaji asiyekula nguruwe na ajihadhari nayo, pamoja na kulen, soseji ya pilipili ya jimbo la Slavonia. Jibini ya kisiwa cha Pag haina shaka hiyo. Upepo huo huo huirusha chumvi ya bahari juu ya majani, kondoo huyala, na ladha yake huonekana katika maziwa.

Kwa upande wa vinywaji, watu wa pwani huchanganya divai nyekundu na maji, wakaiita bevanda. Lakini travarica, pombe kali iliyotiwa majani ya dawa, yataka kiasi. Divai nayo ina kisa chake. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, mdudu aharibuye mizizi aliingia katika mizabibu ya Dalmatia, na watu wengi wakahamia ng'ambo kutafuta riziki. Wakati huo mzabibu uitwao Zinfandel ulikuwa umekwisha kusifika Marekani bila mtu kujua asili yake. Mwaka 2001 wataalamu wa urithi wa mimea walithibitisha kwamba ni mmoja na mzabibu wa Kaštela, karibu na Split, ambao ilikuwa imebaki miche michache tu. Laiti miche hiyo ingeng'olewa, huenda asili hiyo isingalijulikana.

Hatari ya namna hiyo haikuisha. Vita vya mwaka 1991 hadi 1995 viliteketeza nyumba nyingi vijijini, na mabomu yaliyotegwa ardhini yakazuia kilimo kwa miaka mingi. Askari wa Kenya walikuwa miongoni mwa waliotumikia huko chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, katika jeshi la UNPROFOR lililoundwa mwaka 1992. Aliyeona kijiji kilichohamwa anaelewa kwamba nyumba iliyobomoka hujengwa tena kwa mawe na saruji, lakini mkono wa bibi ajuaye kusukuma chapati ya mita moja haununuliwi dukani. Vijana wakienda mijini bila kujifunza, meko hubaki na majivu yake.

Kwa hiyo mgeni anapokaribishwa soparnik, huwa amepewa kilichowavusha wenyeji wakati wa shida. Katika nyumba zetu pia wamo watoto wanaouonea haya mchicha na kunde mbele ya wageni. Mama na baba wasiwaache na haya hiyo. Na wawaite jikoni leo, mikono ya wazee ingalipo, wajifunze. Kwani mwacha asili ni mtumwa.