Mtoto Asiwe Mkalimani wa Siri za Mama

Katika kazi yangu ya ukalimani, hakuna neno linalonipa shughuli kama "mawazo". Nakalimani kwa simu hapa Columbus, Ohio, mwaka wa nane sasa, na wengi wa ninaowahudumia ni watu wa Kivu, Kigoma, Mombasa na kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Kakuma. Daktari akiuliza kama mgonjwa ana sonona, mgonjwa hunyamaza, au hunigeukia mimi: "Sonona ni nini, dada?" Akiulizwa kama ana mawazo, hujibu kabla sijamaliza sentensi. Mawazo anayo, tena mengi. Usiku halali, chakula hakipiti, kichwa kinagonga.

Swali la pili linalonisumbua ni lile wanalouliza karibu kila kliniki ya Marekani: je, unajihisi salama nyumbani? Kwa Kiswahili linatoka sawasawa, lakini jibu ninalolisikia mara nyingi ni, "Ndiyo, mlango tunafunga." Mtu ameulizwa kuhusu mume, yeye amejibu kuhusu wezi. Si kwamba hajaelewa Kiswahili. Swali lenyewe halikumfikia.

Nilianza kusoma tafiti za afya za Afrika kwa sababu ya maswali haya mawili. Nilitaka kujua wenzetu kule nyumbani waliyaulizaje mpaka wakajibiwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Shirika la Afya Duniani lilifanya utafiti katika nchi 10 kuhusu ukatili wanaofanyiwa wanawake na wenzi wao. Walihojiwa wanawake zaidi ya 24,000, na ripoti ikatoka mwaka 2005. Tanzania ilikuwamo. Dar es Salaam, wanawake 41 katika kila 100 waliowahi kuwa na mume au mwenzi walisema amewapiga au amewaingilia kwa nguvu. Mkoani Mbeya walikuwa 56.

Takwimu hizo ni nzito, lakini kilichonishika zaidi ni namna zilivyopatikana. Wahojaji hawakumuuliza mwanamke kama "anafanyiwa ukatili". Waliuliza vitendo, kimoja kimoja: amewahi kukupiga kofi, au kukurushia kitu ambacho kingekuumiza? Amewahi kukusukuma? Kukupiga ngumi? Kukukaba? Mwanamke ambaye angesema "sifanyiwi ukatili, ni ugomvi wa kawaida tu" aliweza kujibu ndiyo au hapana kwa kofi, kwa sababu kofi halina tafsiri mbili.

Na kulikuwa na masharti. Katika kila nyumba alihojiwa mwanamke mmoja tu, ili wengine wasijue kilichoulizwa. Mtaani utafiti ulitambulishwa kama utafiti wa afya na maisha ya wanawake, basi. Mtu akiingia chumbani, mhojaji hubadilisha mada pale pale na kuuliza mambo mepesi. Mahojiano yalikuwa ya watu wawili, na mtoto aliyezidi umri wa miaka miwili hakutakiwa kuwepo.

Miaka miwili! Nilirudia kuisoma sentensi hiyo. Kule, mtoto wa miaka mitatu alionekana kuwa mkubwa mno kusikiliza. Hapa Marekani, naunganishwa kwenye simu na kukuta mtoto wa miaka kumi na mbili ndiye amekuwa akimkalimania mama yake tangu asubuhi.

Masharti yale yalizaa matunda. Kuna maeneo katika utafiti huo ambako hadi theluthi mbili ya wanawake waliopigwa walikuwa hawajawahi kumwambia mtu yeyote mpaka siku ile ya mahojiano. Walimwambia mgeni mwenye karatasi, kwa sababu mgeni aliuliza vizuri, wakiwa peke yao, na hakuwa ndugu.

Msomaji anaweza kuuliza haya yanahusiana vipi na Virusi vya UKIMWI. Yanahusiana sana. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti uliofanywa Dar es Salaam, katika kituo cha ushauri nasaha na upimaji wa hiari, ukiwahusisha wanawake 245. Kwa wale wa chini ya miaka 30, waliokutwa na VVU walikuwa na uwezekano mara 10 zaidi wa kueleza kwamba wamewahi kupigwa au kulazimishwa na mwenzi, ukiwalinganisha na wenzao wasio na VVU. Ukifikiri kidogo utaona sababu. Anayeogopa kipigo hawezi kudai kondomu, hawezi kumwambia mume akapime, na akishapewa dawa za ARV huzificha kwenye mtungi wa unga. Dawa zinazofichwa hurukwa. Na tunajua leo kwamba mtu anayezimeza vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya kujamiiana. Kwa hiyo hofu ya nyumbani inamnyima mwanamke afya ambayo dawa ingempa.

Kampala waliamua kuyashughulikia mambo hayo mawili kwa pamoja. Mpango wao ulipewa jina la Kiswahili, SASA!, na uliendeshwa na watu wa mtaani wenyewe, wakizungumza na majirani kuhusu nani ana nguvu katika nyumba na anaitumiaje. Watafiti walilinganisha mitaa yenye mpango na mitaa isiyokuwa nao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014: katika mitaa yenye mpango, kupigwa na mwenzi katika mwaka uliopita kulikuwa chini kwa asilimia 52. Kumbe ukatili si mila isiyotikisika, kama wazee wengine wanavyotuambia.

Kuhusu mawazo, jibu nililipata Zimbabwe. Kishona ni Kibantu kama Kiswahili, lakini huko kufunga ni kufikiri, na kufungisisa ni kufikiri kupita kiasi. Daktari wa afya ya akili, Dixon Chibanda, alianza mwaka 2006 na mabibi 14 katika kitongoji cha Mbare, Harare. Amesimulia hadharani kwamba alifika hapo baada ya kumpoteza mgonjwa aliyekosa nauli ya kuja hospitali. Bibi hukaa kwenye benchi nje ya zahanati. Hamwambii mtu "una ugonjwa wa akili". Anamuuliza kuhusu kufungisisa, anasikiliza, kisha wanachagua tatizo moja la kuanza nalo.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwafuatilia watu zaidi ya 570 katika zahanati 24 za Harare, na takriban wanne katika kila kumi walikuwa wanaishi na VVU. Baada ya miezi sita, kati ya waliokaa na mabibi, 14 hivi katika kila 100 walikuwa bado na dalili za sonona. Kwa waliopata huduma ya kawaida walikuwa karibu 50. Benchi hizo zimefika Malawi, na Zanzibar pia.

Nilipoyaweka yote haya pamoja niliona jambo moja. Ukweli kuhusu VVU, kipigo na mawazo unahitaji neno ambalo mtu analitumia mwenyewe, na msikilizaji ambaye hatakutana naye mezani wakati wa chakula cha usiku. Sisi wa ughaibuni neno tunalo. Msikilizaji ndiye tunayemkosea, kwa sababu tunamchukua aliye karibu na anayejua Kiingereza. Mara nyingi ni mtoto.

Wateja wangu siwezi kuwasimulia, siri zao ni amana. Nitamsimulia mama yangu, ambaye ameniruhusu.

Mama alikuja kuishi nasi kutoka Muheza baada ya baba kufariki. Presha yake ilipanda hata akinywa dawa, na usiku nilimsikia akitembea sebuleni. Siku ya kwanza ya kliniki, mhudumu alipojua kazi yangu alifurahi: mkalimani amekuja na mgonjwa wake! Nikamwambia hapana, naomba mkalimani wa simu, mwanamke. Mama alikasirika kwelikweli.

"Nimekuzaa, nimekusomesha, leo nisemewe na mtu baki?"

"Ndiyo maana, Mama. Kwa sababu umenizaa."

Nikakaa nje na mkoba wake. Miadi ilikuwa ya dakika ishirini. Alitoka baada ya saa nzima, macho mekundu, akaniambia twende nyumbani, wajukuu wanakaribia kurudi shule. Ndani ya gari hakusema kitu mpaka tulipofika kwenye taa karibu na nyumbani. Hapo akasema, "Kuna mambo ya baba yako ambayo si yako kuyabeba."

Sikumuuliza, na mpaka leo sijui. Baba nilimpenda, na sitasema uongo kwamba sentensi ile haikuniachia mawazo na mimi. Lakini Mama huonana na mnasihi kila mwezi, mkalimani akiwa kwenye simu. Presha imetulia. Usiku sebule ni kimya.

Kama ningekuwa ndani ya chumba kile, angesema hajambo, anamshukuru Mungu, na daktari angeongeza vidonge.

Nafikiria pia upande wa watoto. Kijana wa miaka kumi na mitatu anayeambiwa na daktari amwulize mama yake kama amewahi kulazimishwa, au anayesoma jina la dawa na jioni kulitafuta kwenye simu, amebebeshwa mzigo ambao hata mtu mzima hupewa kwa utaratibu. Na mara nyingi yeye naye huficha: anapunguza swali ili mama asiaibike, anapunguza jibu ili daktari asishtuke. Daktari anaandika kilichobaki.

Sheria iko upande wetu. Hapa Marekani, kanuni zilizotokana na sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010 zinazikataza hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu kumtegemea mtoto kama mkalimani, isipokuwa katika dharura. Mkalimani ni bure kwa mgonjwa. Uingereza nako unaweza kumwomba kupitia huduma ya afya ya taifa, na hulipi. Unaweza kusema unataka mwanamke au mwanamume. Ukisikia sauti unayoifahamu mtaani, unaweza kuomba mwingine, na hakuna atakayekasirika.

Kwa wanafunzi mnaosoma afya ya jamii, Kiswahili chenu kinahitajika katika kuandika maswali haya. Kwa wazazi, ombi langu ni dogo: safari ijayo ya kliniki, mwacheni mtoto aende shule. Mpokezi akishaambiwa ni Kiswahili atabonyeza namba, na mmoja wetu ataitika. Huenda nikawa mimi, na ukikata simu jina lako silikumbuki.