Ahadi ni Deni

Usiku huo baridi ya Mau ilikuwa imeutanda mji wa Njoro, na mwanafunzi alikuwa amebakiwa na siku mbili tu kuwasilisha sura ya tatu ya tasnifu yake. Tarakilishi yake ilikuwa imeharibika juma lililotangulia. Rafiki yake alikuwa amemnakilia faili zote katika tarakilishi ya Linux iliyotumiwa na wanafunzi wanne waliopanga nyumba moja. Faili zilisomeka vyema. Lakini kila alipojaribu kuhifadhi masahihisho, jibu lilikuwa lile lile: ruhusa imekataliwa.

"Lipe kabrasha zima 777," rafiki alimshauri. "Milango yote itafunguka."

Katika mfumo huo, ambao Linus Torvalds aliuanzisha mwaka 1991 kwa kufuata desturi za Unix, ruhusa hugawiwa pande tatu: mwenye faili, kundi lake na watu wengine wote. Kusoma huhesabiwa 4, kuandika 2, kutekeleza 1. Saba ni jumla yake. 777, basi, ni kumkaribisha kila apitaye.

Mwanafunzi akasita. Kabrasha hilo lilihifadhi simulizi za wazee waliofurushwa makwao katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Ajuza mmoja alikuwa amemtajia majirani kwa majina, kisha akamshika mkono: "Mjukuu wangu, haya nimekupa wewe. Usiyatembeze." Nao wanafunzi wale wanne hawakutoka upande mmoja wa ghasia zile.

Badala ya kufungua milango, aliiamuru mashine imwonyeshe wenye faili. Kumbe zilinakiliwa kwa jina la mtumiaji mkuu, kwa ruhusa ya 644: mkuu huyo aweza kuandika, na wengine wote waweza kusoma. Juma zima alikuwa amelalamikia mlango uliofungwa, ilhali maneno ya ajuza yalikuwa wazi kwa kila aliyeketi mbele ya kioo kile.

Rafiki alimsaidia kurudisha umiliki kwa amri ya chown. Kisha kwa chmod kabrasha likapewa 700, na faili 600. Masahihisho yakahifadhiwa. Hata hivyo, mtumiaji mkuu hazuiliwi na tarakimu hizo. Kwa hiyo, kabla ya kulala, mwanafunzi alirudia sura yote, akiondoa majina ya majirani, moja baada ya jingine.