Mbwa Mdogo, Kazi Kubwa

Mpendwa mtahiniwa, umebakiza muda mfupi umalize kidato cha nne. Baada ya hapo, iwe mapema au baadaye, utapanga chumba, utatafuta kazi, na jioni utarudi mahali pasipo na mtu wa kukupokea. Hapo ndipo wazo la kufuga mbwa humjia mtu. Mimi lilinijia nikiwa na miaka 26, mwalimu mgeni hapa Tanga. Nilikuwa nimepanga chumba Mikanjuni, katika nyumba ya wapangaji wanne tuliotumia ua mmoja. Nakusimulia yaliyonipata ili siku yako ikifika uchague vizuri kuliko nilivyochagua mimi.

Fikra yangu ilikuwa rahisi: chumba changu ni kidogo na kazi yangu ni nyingi, basi mbwa mdogo ndiye atakayenifaa. Nilimpata kwa mtu aliyekuwa akihama Lushoto. Alikuwa na umri wa miezi miwili, mweupe, mwenye manyoya marefu na pua fupi. Nikamwita Pamba. Nilimbeba ndani ya boksi kwenye basi, na tulipofika Muheza tayari alikuwa akihema ulimi nje. Sikujiuliza kwa nini.

Jibu nililipata baadaye. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Hupunguza joto kwa kuhema. Mwenye pua fupi huvuta hewa kwa shida, na mwenye manyoya marefu ni kama amevaa koti. Koti hilo linafaa kwenye baridi ya Lushoto. Tanga mwezi Februari, ambapo hata usiku unalala na dirisha wazi, ni mateso.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Nilikuwa naondoka kwa baiskeli saa 12:30 asubuhi, na kwa sababu ya masomo ya ziada ya kidato cha nne nilirudi saa 11:00 jioni. Piga hesabu: ni saa kumi na nusu. Mbwa wa umri ule anatakiwa kula mara tatu au nne kwa siku, na hawezi kubana mkojo kwa zaidi ya saa mbili au tatu. Tena ametoka tu kwa mama yake na ndugu zake, hajauzoea upweke. Pamba alilia kutwa. "Mwalimu, kiumbe wako kalia tangu asubuhi," mama mwenye nyumba aliniambia kwa upole. Wiki iliyofuata aliniambia tena, na upole ulikuwa umepungua.

Kulikuwa na jambo jingine. Majirani zangu wote walikuwa Waislamu, na kwa mafundisho yanayofuatwa na wengi hapa pwani, mate ya mbwa ni najisi. Akilamba chombo, huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Pamba akigusa kanga iliyoanikwa kwa pua yake yenye majimaji, mwenyewe aliifua upya kabla ya kuswali nayo. Mbwa alikuwa wangu, lakini kazi ilikuwa yao. Wahenga walisema ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini. Mimi nilikuwa nimemwingiza katika nyumba za watu bila hata kuwapigia hodi.

Nikadhani kamba ni dawa. Nikamfunga mlangoni pangu kila asubuhi. Mbwa anayefungwa kutwa bila mazoezi wala mtu hujaa hofu, na hofu ya mbwa hutokea menoni. Siku moja, akiwa na miezi saba, alikata kamba. Niliporudi nilikuta watu wamejaa uani. Mtoto wa jirani, mwenye miaka minane, alikuwa amekalishwa juu ya ndoo, damu ikimchuruzika kwenye kigimbi cha mguu. Mama yake hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, mbwa wako amechanjwa?"

Nikajibu, "Bado, dada."

Neno hilo nimelisikia mara nyingi kwa wanafunzi ninapodai kazi za nyumbani. Siku ile lilitoka kinywani mwangu, na sikuwa na pa kutazama.

Shika hatua hizi, maana zinaweza kukufaa hata kama hutafuga mbwa kamwe. Tuliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha tukampeleka mtoto hospitalini jioni ileile, akaanzishiwa sindano za chanjo. Kichaa cha mbwa huletwa na virusi vinavyokaa kwenye mate. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Lakini chanjo ikiwahi kabla ya dalili, huokoa. Ndivyo alivyofanya Louis Pasteur huko Ufaransa tarehe 6 Julai 1885, alipomchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka tisa aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, naye akapona. Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba 1895, na ndiyo maana tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

Daktari aliagiza pia Pamba atengwe na kuangaliwa kwa siku kumi. Mbwa aliyekuwa na virusi kwenye mate siku alipouma huugua na kufa ndani ya muda huo. Kila asubuhi mama yule alisimama mlangoni pake kumtazama Pamba akila. Hatukusemezana. Akiona sahani imebaki tupu, alirudi ndani. Sijawahi kumwomba Mungu mbwa ale chakula kama nilivyomwomba siku zile.

Siku ya kumi Pamba alikula vizuri, na mtoto alimaliza sindano zake salama. Nilimwita afisa mifugo akamchanja Pamba, kisha nikampeleka Lushoto kwa mzee mstaafu anayeshinda nyumbani. Huko kuna baridi, na kuna mtu.

Sasa, ewe mtahiniwa, usitoke hapa ukidhani kwamba mfanyakazi hawezi kufuga. Anaweza, ila asichague kwa kupima urefu wa mbwa. Jack Russell ni mdogo, lakini alizalishwa Uingereza kwa ajili ya kuwinda mbweha. Ukimfungia chumbani atakula hata viatu vyako. Basenji, mbwa wa asili ya Kongo, habweki sana kama wengine, lakini ni mwindaji anayetaka kukimbia. Kinyume chake, Greyhound ni mrefu na mwenye mbio kali, lakini nyumbani hulala sehemu kubwa ya siku. Ukubwa wa mbwa haukuambii ukubwa wa kazi yake.

Jiulize haya kwanza. Nyumba inabaki bila mtu saa ngapi kwa siku? Kama zinapita nne au tano, na hakuna wa kumtazama, usichukue mtoto wa mbwa. Tafuta aliyekomaa na mtulivu. Mwili wake unahimili joto la mahali unapoishi? Mwenye nyumba na majirani wameridhia, na una sehemu ambayo mbwa hatawafikia wala kugusa vyombo na nguo zao? Unaweza kumlisha, kumtoa kupe na kumchanja kila mwaka, kuanzia miezi mitatu, kwa miaka kumi au zaidi atakayoishi? Jibu moja likiwa "bado", basi na mbwa asubiri.

Mimi nilisubiri miaka mitano. Nilipohamia Pongwe, kwenye kiwanja chenye uzio, na mama yangu akaja kuishi nami, nilichukua jike wa kienyeji wa miaka miwili. Ana manyoya mafupi na si mdogo kama nilivyowahi kutamani. Watu humwita mbwa koko. Joto halimsumbui, hula ugali na dagaa, na mchana hulala chini ya mwembe karibu na miguu ya mama. Nilimchanja kabla hajalala kwangu usiku wa kwanza, na cheti chake nakitunza pamoja na vyeti vyangu vya shule.

Yule mtoto wa Mikanjuni sasa ni kijana mrefu, mtahiniwa wa kidato cha nne kama wewe. Tulipoonana mara ya mwisho alinionyesha kovu lake huku akicheka. Mimi sikuweza kucheka naye. Nilimuuliza tu mama yake hajambo, nikampa mkono, nikapanda baiskeli yangu.