UKIKODI GARI IGAWA, LISOME KWANZA

Ndugu msomaji, leo twende Igawa.

Igawa ni mji mdogo wa barabarani katika wilaya ya Mbarali, mkoa wa Mbeya. Ukitoka Iringa unapita Ifunda, Mafinga, Nyororo na Makambako. Makambako ni mji wa baridi. Kutoka hapo barabara inateremka, na wasafiri wanaanza kuvua makoti. Ukifika Igawa umeingia katika joto la bonde la Usangu. Mto Mbarali unapita hapo chini ya daraja kwenda kunywesha mashamba ya mpunga. Mbele yako kuna Chimala, Igurusi, Inyala, Uyole, na mwisho Mbeya mjini.

Mkoa wa Mbeya unaanzia hapa. Zamani ng'ambo ya mpaka ulikuwa mkoa wa Iringa. Tangu mwaka 2012 ng'ambo hiyo ni mkoa wa Njombe.

Kutoka Igawa hadi Mbeya mjini ni karibu kilometa 110. Kwenda Iringa mjini ni zaidi ya kilometa 200. Ukae na hesabu hizi. Tutazitumia mbele.

Barabara hii ina historia ya malori. Mwezi wa Novemba mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia utawala wao. Zambia ikakosa njia yake ya kupata mafuta kutoka kusini. Basi mafuta yakaletwa kwa malori kutoka Dar es Salaam kupitia huku kwetu. Wakati huo barabara ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa masika. Malori mengi yalipinduka, na madereva wa kigeni wakaiita Njia ya Jehanamu. Bomba la mafuta lilimalizika mwaka 1968. Lami ilifuata, na reli ya TAZARA nayo ikafuata. Lakini malori hayakuondoka. Mpaka leo yanapita Igawa usiku na mchana, yakienda Tunduma, Zambia na Kongo, na yakirudi na shaba. Gari dogo utakalokodi litapita katikati ya malori hayo.

KWA NINI MTU AKODI GARI?

Mkulima hakodi gari kwa kujifurahisha. Anakodi kwa sababu ana mgonjwa ambaye hawezi kukaa kwenye basi. Au ana msiba Iringa na mazishi ni kesho. Au anampeleka bibi harusi kwa wakwe. Mara nyingine basi la Dar es Salaam linafika Igawa limejaa, nalo linapita bila kusimama.

Mgonjwa akiwa ni mama mjamzito, au mama aliyejifungua, au mtoto mchanga, na hali yake ni ya hatari, usianze kutafuta gari la kukodi. Piga simu namba 115. Hulipii simu hiyo. Ni huduma ya M-mama. Watu wa huduma hiyo hutafuta gari la wagonjwa, na kama halipo humtuma dereva waliyeandikishana naye. Familia hailipi nauli.

Kwa safari nyingine utakodi mwenyewe. Hapa ndugu msomaji tazama jambo moja kubwa. Ukipanda basi, kuna watu waliolitazama kabla yako. LATRA, yaani Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, imelipa leseni na imepanga nauli yake. Trafiki amelikagua. Ukikodi gari dogo pembeni ya barabara, mkaguzi ni wewe. Hakuna aliyekutangulia.

Je, utalikaguaje gari, na wewe si fundi? Utalisoma. Gari lina maandishi mengi, na wewe sasa unajua kusoma.

ANZA NA NAMBA

Simama nyuma ya gari, tazama kibao cha namba. Kibao cha njano chenye maandishi meusi ni cha gari la mtu binafsi. Kibao cheupe chenye maandishi meusi ni cha gari la biashara.

Magari ya kibao cha njano yanayobeba watu kwa nauli kati ya mji na mji watu huyaita michomoko. Yanakwenda mbio, na yanakuchukua hapo ulipo. Ndiyo maana watu wanayapenda. Lakini ubaya wake uko kwenye bima. Bima ya gari binafsi imekatwa kwa ajili ya mwenye gari na shughuli zake. Gari hilo likipata ajali huku limebeba watu wa kulipa nauli, kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa. Mguu umevunjika, shamba halilimwi, na hakuna wa kudaiwa ila dereva, ambaye pengine naye yumo wodini.

Kwa hiyo mwulize dereva bima. Siku hizi bima inahakikiwa kwa simu. Mtafute kijana mwenye simu ya intaneti, afungue mfumo wa TIRA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, na aandike namba ya gari. Ataona kama bima ipo na inakwisha lini. Kazi hiyo haichukui muda wa kunywa kikombe cha chai. Mwulize pia leseni ya LATRA. Gari la kukodi nalo lina leseni yake.

Kisha omba leseni ya udereva. Usione haya. Mzee mmoja na dereva kijana wanaweza kuzungumza hivi:

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Naomba nione leseni yako."

"Baba, wewe ni trafiki?"

"Hapana, mwanangu. Lakini mgonjwa ni mke wangu."

Dereva mzuri hatakasirika. Soma jina, tazama picha, soma tarehe ya mwisho. Kisha tazama daraja. Daraja D ni la kuendesha gari dogo la mtu binafsi. Kubeba abiria wa kulipa kunataka madaraja ya C. Gari dogo lisilozidi abiria wanne, kwa mfano, linataka C3.

Tairi nazo zinasomwa, ingawa hazina herufi za kutosha. Pitisha kidole kwenye mifereji ya tairi. Kama kidole hakioni mfereji, tairi limekwisha. Kwenye lami yenye maji tairi hilo litateleza kama sabuni. Mwambie dereva afungue buti. Je, tairi la akiba lipo, na lina upepo? Jeki ipo? Na je, mikanda ya viti inafunga kweli, hata ile ya nyuma? Ivute uone. Magari mengi yana mikanda ya nyuma iliyokaliwa na viti mpaka haitoki tena.

BEI INA HESABU YAKE

Bei ya gari la kukodi ni ya mapatano. Watu wengi hupatana kwa kupiga kelele. Afadhali kupiga hesabu.

Tuchukue safari ya Igawa hadi Mbeya. Kwenda ni kilometa 110. Dereva lazima arudi, hata kama anarudi mtupu, na hizo ni kilometa 110 nyingine. Jumla ni 220. Tuseme gari lake linakula lita moja kwa kila kilometa 10. Atatumia lita 22. Bei ya lita imeandikwa kwenye bango la kituo cha mafuta. EWURA hutangaza bei za juu kabisa za mafuta kila mwezi, Jumatano ya kwanza, na kituo hakiruhusiwi kuzipita. Kwa mfano wetu tuseme lita moja ni shilingi 3,000. Zidisha 22 kwa 3,000. Unapata shilingi 66,000.

Hizo ni fedha za mafuta peke yake. Bado dereva hajala, mwenye gari hajapata sehemu yake, na tairi na oili havijahesabiwa. Kwa hiyo dereva akikutajia shilingi 120,000, hajakuibia. Unaweza kumwomba apunguze, naye atapunguza kidogo.

Sasa anakuja mwingine. Anasema, "Mama, panda tu, nipe 60,000 twende." Mama anafurahi. Lakini ndugu msomaji, fedha hizo hazitoshi hata mafuta. Zilizobaki atazipata wapi? Atazipata Chimala na Igurusi. Atasimama hapo, aite abiria, awabane wanne kwenye kiti cha watatu, na mgonjwa wako ambaye ulitaka alale atakaa kwenye pembe ya kiti. Au atakwenda mbio ili awahi safari nyingine kabla ya jua kuzama. Mimi bei ndogo kupita kiasi inanitisha kuliko bei kubwa.

Uliza pia kama gari litakusubiri, na kwa saa ngapi. Uliza kama mtaacha lami. Mwaka 2005 nyanda za Kitulo zilifanywa hifadhi ya taifa, na watu hukodi magari kwenda kuona maua huko. Wengine huenda Matamba kwa jamaa zao. Njia ya huko inapanda mlima kutoka Chimala kwa kona nyingi mno. Watu wanaiita Hamsini na Saba, kwa hesabu ya kona zake. Dereva aliyepatana nawe "mpaka Chimala na mbele kidogo" atagoma akiiona kona ya kwanza, na ana haki kugoma.

ANDIKA

Mkishapatana, chukua nusu karatasi ya daftari. Andika maneno machache tu, kama haya:

"Mimi ______, dereva wa gari namba T ______, nimekubali kumpeleka ______ kutoka Igawa hadi Hospitali ya Rufaa Mbeya, leo tarehe ______. Bei ni shilingi ______, na mafuta yamo. Nimepokea shilingi ______. Zilizobaki nitalipwa tukifika. Sitapakia abiria wengine."

Dereva aweke sahihi, na wewe uweke yako. Andika nakala mbili. Moja mwachie mtu wa nyumbani, ili ajue umeondoka na gari gani.

Usilipe fedha zote kabla ya safari. Toa za mafuta, nyingine zingoje. Ukilipa kwa simu, soma jina linalotokea kabla hujathibitisha. Je, ni jina lile lile la kwenye leseni? Kama ni jina jingine, uliza ni la nani. Pengine ni la mwenye gari, na hilo si kosa. Lakini ulijue.

NJIANI

Swali moja muhimu haliandikwi popote. Mwulize dereva, "Jana usiku ulilala wapi?" Kama alitoka Dar es Salaam usiku kucha na sasa anatafuta abiria wa Mbeya, mwache aende akalale. Miaka ya 1990 mabasi yalikatazwa kusafiri usiku kwa sababu ya ajali na ujambazi, na katazo hilo liliondolewa mwaka 2023. Ruhusa hiyo haikumwondolea dereva usingizi. Kama mambo yanaweza kungoja, ondoka alfajiri.

Ukiwa ndani ya gari una haki ya kusema. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka mwendo wa kilometa 50 kwa saa penye makazi ya watu. Chimala ni makazi, Igurusi ni makazi, na kuna watoto wanavuka kwenda shule. Mshale wa mwendo uko mbele ya dereva. Unaweza kuusoma ukiwa kiti cha nyuma. Ukizidi, mwambie kwa upole, "Mwanangu, tumekukodi utufikishe." Akiongeza simu juu ya mwendo, mwambie asimame kwanza amalize maongezi yake.

Kutoka Igurusi barabara inaanza kupanda, na hewa inabadilika tena. Inyala na Mlima Nyoka ni mahali pa kunyamaza na kumwacha dereva atazame mbele. Malori mazito yanapanda kwa mwendo wa kobe, na mengine yanateremka, na kuna yaliyowahi kukatika breki. Mwezi wa Agosti mwaka 2022 watu zaidi ya 15 walikufa Inyala katika ajali ya malori na basi dogo. Usimhimize dereva apite lori mlimani. Abiria wengi humtia dereva haraka kwa maneno, "Mpite huyo, anatuchelewesha." Dakika 10 nyuma ya lori zinachosha, lakini mgonjwa wako yuko salama.

Ukifika Uyole umekaribia. Njia ya kushoto inakwenda Tukuyu na Kyela. Ninyi mnanyoosha mbele kuingia mjini. Hapa foleni ni ndefu, hasa asubuhi na jioni, kwa hiyo msisahau kuihesabu kama mgonjwa ana saa ya kumwona daktari.

Mkishuka hospitali, tazama chini ya viti na kwenye buti. Cheti cha rufaa, chupa ya chai, shuka na simu husahaulika sana, na gari likishaondoka kulipata tena ni kazi. Kisha mlipe dereva kilichobaki, toa ile nusu karatasi, naye aandike chini yake, "Nimelipwa zote," pamoja na tarehe na sahihi yake. Kama alikuendesha vizuri, andika na namba yake ya simu, maana kuna siku ya kurudi Igawa.