Matanga ya Mtoto

Katika Bagamoyo kila mfiwa hupewa kazi yake isipokuwa mtoto. Wanaume huchimba kaburi na kuchukua jeneza. Wanawake hupika, hulia na kupokea wageni. Wazee husoma hitima. Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi. Mtoto hupewa sahani ya wali na kuambiwa akacheze kwa jirani. Desturi hii haikuzaliwa na ukatili. Ilizaliwa na huruma; lakini huruma ni kama chumvi, ikizidi huharibu chakula.

Binti mmoja wa mji huo, mtoto wa mvuvi, alipewa sahani hiyo alipokuwa na umri wa miaka minane. Aliambiwa kuwa baba yake amesafiri kwenda Unguja. Kwa kuwa Unguja iko ng'ambo ya bahari ile ile, na vyombo vya huko hutia nanga mbele ya macho ya kila mtoto wa Bagamoyo, uwongo ule ulikuwa na sura ya kweli. Nyumbani watu walikaa matanga; yeye alishuka pwani kila alasiri, karibu na soko la samaki, akahesabu matanga ya vyombo vilivyokuwa vikirejea. Aliijua kweli siku aliyogombana na mwenzake njiani, naye akamwita yatima. Hivyo mauti yalimfikia kwa njia ya tusi. Hakumwuliza mama yake neno. Alikwenda mikokoni, akaokota ndege aliyekufa, akamzika mchangani na kulizungushia kaburi lake makombe.

Miaka mingi baadaye, alipokuwa mwanafunzi Dar es Salaam, aliona filamu iitwayo T-Junction, kazi ya Amil Shivji, iliyofungua Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar mwezi wa Julai mwaka 2017. Ndani yake yumo Fatima, msichana mwenye asili ya Kihindi na ya Kiafrika, aliyefiwa na baba ambaye hakuwa karibu naye. Hospitalini anakutana na Maria, ambaye anamsimulia, kidogo kidogo, habari za mafukara waliojenga udugu wao kwenye njia panda moja ya mji, na maafa yaliyouvunja udugu huo. Ni filamu nzito, isiyo na haraka, wala haina mahubiri ya kumfariji mtazamaji. Fatima hapati jawabu juu ya baba yake. Anapata masimulizi ya mtu mwingine aliyepoteza, na anarudi tena kuyasikiliza.

Yule binti alitoka katika sinema akiwa na fikira moja. Alilofanya Fatima kando ya kitanda cha mgonjwa ndilo wafanyalo watu wazima mkekani: kukaa na mwenye uchungu mpaka uchungu upate maneno. Wahenga walisema msiba wa wengi harusi. Kama kauli hiyo ni kweli, basi mtoto aliyetengwa na mkeka hunyimwa dawa ambayo nyumba nzima inaitumia.

Mafaransa nao walikwisha kulionyesha jambo hili. Katika filamu ya René Clément, Jeux interdits, iliyopata Simba wa Dhahabu huko Venice mwaka 1952, mtoto wa kike aitwaye Paulette anafiwa na wazazi wake na mbwa wake kwa risasi za ndege za vita, mwezi wa Juni 1940. Anapokewa na wakulima, na pamoja na Michel, mtoto wa nyumba ile, anaanza kuzika wanyama na kuiba misalaba ya kusimamisha juu ya makaburi yao. Wazee wanauona wizi, msiba hawauoni. Mtoto asiyepewa matanga hujitungia yake mwenyewe, kwa misalaba au kwa makombe.

Wala Bagamoyo si mji mgeni wa mambo haya. Mapadri wa Roho Mtakatifu walipojenga misheni yao hapo mwaka 1868, walilea watoto waliokombolewa utumwani. Wengi wao hawakuweza kujua kama wazazi wao ni hai au wafu. Ni nani awezaye kukaa matanga ya mtu asiyejua kama amekufa? Shaka ni kilio kisicho na arubaini.

Haifai, hata hivyo, kuwahukumu wazee upesi. Yule binti alipokua alifahamu kwamba mama yake hakudanganya ili kumlinda mtoto tu. Alidanganya kwa sababu neno lenyewe lilikataa kutoka kinywani mwake. Aliposema mumewe amesafiri, alijipa na yeye siku chache za kungoja.

Ufahamu huo ulijaribiwa baadaye. Dada yake alifariki akaacha mtoto wa kiume wa miaka saba, na mtoto akaambiwa kuwa mama yake amelazwa Dar es Salaam. Binti akamwendea bibi yake.

"Mwache, mjukuu wangu," bibi alisema. "Atajua akikua."

"Bibi, mimi nilijua kabla sijakua. Aliyenijulisha alikuwa akinitukana."

Bibi alinyamaza kwa muda mrefu, akizungusha tasbihi yake. Kisha akasema, "Basi aambiwe. Lakini usimwambie pembeni kama mtu anayeiba. Mlete hapa."

Mtoto aliketishwa mkekani katikati ya wanawake, akaambiwa kwa maneno machache kwamba mama yake amekufa na amezikwa. Aliuliza kama kule alikolazwa kuna giza. Katika wanawake wote wale, waliosoma na wasiosoma, hakuna aliyeweza kumjibu; bibi alimvuta tu karibu yake.

Siku ile hakulia. Alilia siku ya tatu, kwa sababu ya kikombe kilichomponyoka kikavunjika. Alilia mpaka jua likatua, wala hakuna mtu aliyemwuliza kwa nini analilia kikombe.