Mpaka una unene gani?

Wiki hii naacha mambo ya hifadhidata, niongee kuhusu mistari. Mteja mmoja alitaka ramani ya Kenya ya kuweka kwenye ripoti yake, nami nikaichora kwa Python na Matplotlib. Kaunti zote 47 zilikaa vizuri kwa mstari wa kijivu. Kazi ilianza nilipofika kwenye mipaka ya nchi.

Kwanza unene. Ukiandika linewidth=1, hiyo 1 si kilomita wala pikseli. Ni pointi, yaani inchi moja ukiigawa kwa 72, kama milimita 0.35 kwenye karatasi. Sasa piga hesabu: ramani yangu ni sentimita 1 kwa kilomita 50, kwa hiyo huo mstari "mwembamba" unafunika karibu kilomita 1.8 za nchi. Kisiwa cha Migingo, kile tunachogombania na Uganda, kiko kama nusu kilomita tu upande wetu wa mpaka, na hakifiki hata ekari moja. Mstari umekimeza chote!

Kaskazini kuna kibarua zaidi: Pembetatu ya Ilemi. Kenya ndiyo inayoitawala, Sudan Kusini inaidai. Data za Natural Earth, ambazo ni za bure, hutenga mipaka ya kawaida na ile yenye mgogoro, basi ni rahisi kuichuja na kuipa ya mgogoro linestyle='--'. Lakini jamani, msichore poligoni za nchi. Kila nchi huchora ukingo wake, kwa hiyo mpaka mmoja unachorwa mara mbili, kila mmoja ukianzia kwake. Vipande vya huyu vinaziba nafasi za yule, na mstari uliokatikakatika unatokea kama mzima. Yaani programu imemaliza mgogoro bila kuuliza mtu! Tumia faili ya mistari, ambamo kila mpaka umo mara moja.

Mteja alitaka mstari mzima kila upande, eti ramani isionekane imetoboka. Nilimkatalia. Ripoti itasomwa Lodwar na itasomwa Kapoeta, na wachungaji wa huko wanajua kuliko sisi wa Nairobi nani analisha wapi. Tulibishana siku mbili. Mwishowe akakubali: mstari mnyoofu wa 1914 na ule Mstari Mwekundu wa 1938, yote miwili kwa vipande, unene 0.8, na maelezo pembeni.

Jana ameuliza kama Mstari Mwekundu unaweza kuwa wa buluu, ufanane na nembo yao. Hapo sina neno.